Picha ya Kuunga na Swali la Ukweli

Je, picha yaweza kusema uongo ilhali kila kipande chake ni kweli? Msomaji asidhani kwamba swali hili nimelitoa katika vitabu. Lilinijia mlangoni kwangu mwaka 2021, pale mtoto wa mjomba wangu alipokaa barazani, akakunjua picha ndefu iliyokuwa imezungushwa kama mkeka, akaniuliza kwa upole, "Kaka, mbona baba hayumo?"

Picha hiyo niliipiga mwenyewe, alasiri moja ya mwaka 2006, Forodhani, Unguja. Bustani ilikuwa ile ya zamani, kabla ya ukarabati uliokamilika mwaka 2009. Nilikuwa na kamera ndogo ya mfukoni, ya zile ambazo lenzi yake hutoka na kurudi ndani kama kobe. Lenzi hiyo haikuweza kuona upana wa pwani yetu kwa mtazamo mmoja. Nikasimama mwisho wa ukuta, upande wa Nyumba ya Mayatima, kamera nimeishika wima, nikaanza kushoto penye bahari na mashua, nikazunguka polepole kuelekea kulia: ukuta wenyewe unaokwenda mbali, Kasri, Beit al Ajaib, hadi Ngome Kongwe. Picha 7. Mjomba wangu alikuwa amekaa juu ya ukuta, bakora kaiweka magotini, akinisubiri nimalize mchezo wangu.

Atakaye kuunga picha hana budi kuzingatia mambo machache. Kila picha iingie katika jirani yake kwa kiasi cha theluthi moja, ili programu ya kompyuta ipate alama za kufananishia. Mwangaza ufungwe usibadilike, ama sivyo anga itatoka na mabaka kama shuka iliyofuliwa vibaya. La muhimu kupita yote, kamera izunguke juu ya lenzi yake, isizungushwe kwa mkono ulionyooshwa. Kwani mkono ukihama, mlingoti wa mashua iliyo karibu nao huhama mbele ya nyumba iliyo mbali, na hapo hakuna programu itakayoupatanisha mlingoti huo na nyumba hiyo. Hayo nilikuwa nimejifunza, na nikayafuata. Nisilolijua ni kwamba watu hawafungiki kama mwangaza.

Baada ya picha ya tatu, adhana ya Alasiri ikalia. Mjomba akashuka ukutani, akaenda zake. Nilipopiga ya nne, pale alipokaa palikuwa patupu, na kando yake kidogo kijana mmoja alikuwa hewani, miguu kaikunja, anajirusha baharini. Basi mjomba yumo katika picha ya tatu, ukingoni mwa kulia. Kijana yumo katika ya nne, ukingoni mwa kushoto. Nao wote wawili wameangukia katika lile eneo ambalo picha mbili zinapandana. Programu hapo haiulizi nani ni mjomba wa nani. Huchagua njia ya kukata ambayo haitaonekana, na njia yake siku ile ilipita upande wa kijana. Mjomba akakatwa, ukabaki ukuta.

Niliona siku ile ile nilipoitoa kwenye mashine. Nikaitazama sana, kisha nikanyamaza, kwa sababu picha ilikuwa nzuri. Nilipompelekea, aliniuliza, "Nami nimo?" Nikamjibu, "Umo, mjomba." Macho yake yalikuwa yameshaingia mtoto wa jicho, hakuweza kuhakiki. Aliitundika sebuleni, na kwa miaka 13, hadi alipofariki mwaka 2019, kila mgeni aliyeingia alioneshwa kwa ncha ya bakora: "Mimi nipo hapa." Nao wageni, kwa adabu zetu za pwani, waliitikia, "Naam, tunakuona."

Nilikuwa na hoja yangu, na kwa muda mrefu ilinitosheleza. Mjomba alikuwapo Forodhani. Kamera ilimwona. Nilipomwambia "Umo" nilikuwa nikisema habari za siku ile, si habari za karatasi. Tena, nilijiambia, picha yote ile ni ya namna hiyo: mashua za kushoto ni za mwanzo wa dakika, Ngome ya kulia ni ya mwisho wake, na hapana jicho la mwanadamu lililoziona pamoja kwa mpigo. Ikiwa picha nzima haikutokea kwa wakati mmoja, nani atanihukumu kwa mtu mmoja?

Sikuwa wa kwanza kujificha humo. Robert Barker, mchoraji aliyefanya kazi Edinburgh, alisajili haki ya uvumbuzi wake mwaka 1787: mchoro unaomzunguka mtazamaji pande zote, ambao baadaye uliitwa panorama, na mwaka 1793 akaufungulia jengo la duara mjini London, watu wakalipa kuingia. Mwaka 1878 Eadweard Muybridge alipiga mji wa San Francisco kutoka juu ya kilima kwa vioo 13, akavipanga vikawa mji mzima. Lakini atazamaye vivuli kwa makini ataona kwamba kioo kimojawapo hakikupigwa kwa zamu yake, jua lake si la jirani zake. Mkono wa binadamu ndio uliokuwa ukiunga siku hizo. Kazi hiyo ilipohamia kwenye hesabu za kompyuta, Helmut Dersch akatoa programu zake mwaka 1998, na mwaka 2003 Matthew Brown na David Lowe, huko Vancouver, wakaonesha jinsi mashine inavyoweza kupewa fungu la picha zilizochanganyika ikazitambua zenyewe na kuzipanga. Tangu mwaka 2012 hivi jambo lenyewe limekuwa la kupitisha simu hewani, kama mtu anayepangusa kioo.

Wapenzi wa mashairi watanielewa upesi zaidi. Mshororo wa shairi letu una vipande viwili, na kina cha kati ndicho mshono wake. Mshairi hupewa ruhusa: akifupisha neno ili mizani itimie, tunaiita inkisari, akilirefusha, mazida, akiligeuza sauti, tabdila. Picha ya kuunga nayo ina inkisari na mazida yake. Ukuta ulionyooka huwa upinde, nyumba ya katikati hurudi nyuma, za pembeni hujivuta zikanenepa. Hapana anayelalamika, maana hiyo ndiyo bei ya kuukunjua mzunguko ukawa karatasi bapa. Hata hivyo, nasi tunajua ruhusa hiyo inaishia wapi. Mshairi wa rambirambi aweza kulikata jina la marehemu herufi moja ili lienee. Hawezi kuliacha kabisa kwa kuwa halikupata kina, kisha akaenda kuwasomea wafiwa. Mimi ndilo nililolifanya.

Kilichonitoa katika hoja yangu, lakini, hakikuwa mjomba. Kilikuwa nguzo.

Tarehe 25 Desemba 2020, Beit al Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake kubwa likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Katika siku zilizofuata kila aliyekuwa na picha ya jumba alizitafuta. Nami nikaitoa faili yangu ya 2006, nikijivuna kidogo kwamba ninayo pwani nzima katika picha moja, nikampa kijana mmoja aliyekuwa akichora sura ya mbele ya jumba kwa mapenzi yake tu. Baada ya siku mbili akanirejea. Alikuwa amehesabu nguzo za roshani katika picha yangu na katika picha nyingine za zamani, na hesabu hazikulingana. Yangu ilipungukiwa na nguzo moja.

Nikarudi kwenye vile vipande 7. Nguzo ilikuwapo, wima, ya chuma, kama dada zake. Programu ndiyo iliyoipoteza. Vitu vinavyojirudia, nguzo, madirisha, vigae, huichanganya mashine: huifananisha nguzo hii na ile inayofuata, hudhani ni moja, ikaviwekelea vipande juu kwa juu, na anga iliyo nyuma haina alama ya kuisuta. Mshono ulikuwa safi mno. Kwa miaka 14 niliitazama picha ile, nikamwonesha kila mtu, nisione.

Ndipo nilipofahamu kwamba "Umo, mjomba" na ile nguzo ni jambo moja. Mwenye kuchora jumba hakuuliza picha yangu ipendeze. Aliitaka itoe ushahidi. Na mjomba hakuuliza kama alikuwapo Forodhani, hilo alilijua mwenyewe. Aliuliza kama karatasi ile itamshuhudia. Picha ya kuunga haina dhambi kwa kuwa imeungwa. Ina dhambi pale inapoulizwa swali la shahidi nayo ikajibu kama mchoraji, na mwenye kuiunga, anayejua tofauti, akaiachia ijibu.

Ndani ya jumba hilo, lilipokuwa makumbusho, kulikuwa na mtepe uliojengwa upya kwa mfano wa mitepe ya kale ya pwani ya Lamu. Wengi wetu tuliupita tukienda kutazama vitu vingine. Siku hizi naukumbuka zaidi kuliko vyote. Mtepe haukupigwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na mishono yake ilionekana nje, ubavu mzima, kila mshono ukihesabika. Fundi hakuificha. Nahodha aliyekaribia safari aliweza kupita ubavuni akaona ni kamba ipi imelegea. Chombo kilichoshonwa wazi namna ile kilivuka bahari na shehena ya watu.

Sisi tunashona kinyume. Sifa ya programu ni kwamba mshono usionekane, na kila mwaka mshono unazidi kufichika. Katika kamera yangu ya 2006 nilibaki walau na vipande 7, kila kimoja na saa yake. Simu nyingi leo, ukizipitisha pwani, hukupa ile picha ndefu tu. Vipande vilivyotumika hukuachii. Mjomba akikatwa humo, amekatwa kabisa, hapana kumbukumbu ya tatu ya kurejea. Na tangu mwaka 2023 zipo simu zinazochukua uso uliotabasamu katika picha moja zikaupandikiza katika picha nyingine, ili jamaa wote waonekane wamefurahi kwa pamoja. Sina ugomvi na furaha. Ila ningependa kujua yule aliyenuna alinuna kwa nini.

Narudi kwa mtoto wa mjomba. Nilimweleza yote, hata lile la "Umo". Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi mrejeshe." Jambo hilo sasa ni jepesi: programu za leo humruhusu mtu kuchora kwa mkono mpaka wa kukata, akasema hapa chukua cha tatu, hapa chukua cha nne. Nikamrejesha mjomba. Kisha nikaona kwamba, kwa subira kidogo, naweza kumbakisha na yule kijana pia. Nikafanya. Naam, ilitoka picha ya ajabu: mzee ametulia juu ya ukuta na bakora yake, na kando yake kijana anaruka, na uso wa mzee, uliokuwa ukinitazama mimi, sasa unaonekana kama unamfuata kijana hewani. Rafiki yangu mmoja alipoiona alisema hii ndiyo picha bora niliyopata kuipiga.

Sikuipiga. Mjomba hakumwona kijana yule, alikwisha kuondoka. Mashua za mwanzo wa dakika na Ngome ya mwisho wake hazina habari kati yao, kuziweka pamoja hakuzisingizii kitu. Lakini watu wawili wakiwekwa pamoja huzaliwa baina yao jambo: huyu anamtazama yule, huyu amezeeka na yule yu kijana, na mtazamaji huanza kuhuzunika kwa habari ambayo haikutokea. Huo ni utungaji. Mtunzi ana haki yake, lakini huweka jina lake chini ya utungo. Hauiti ukuta wa Forodhani, alasiri, 2006. Nikaifuta. Nakiri kwamba ziko siku ninajuta.

Niliyomkabidhi ina mjomba bila kijana. Nyuma yake niliandika kwa kalamu: vipande 7, muda wa dakika moja hivi, mahali hapa pamekatwa kwa mkono, na kijana mmoja ameondolewa. Kijana naye ana mama yake, na ikiwa siku moja atakuja kuuliza, kipande cha nne kipo. Nguzo pia nimeirudisha mahali pake, na kijana mchoraji nimempa vipande vyote vitupu, visivyoungwa.

Pamoja na ile ndefu nilimpa mtoto wa mjomba na vile vipande 7, kila kimoja peke yake, ajionee. Nilipokwenda kumtembelea baadaye nilitazama ukutani kwanza, kabla ya kukaa. Ile ndefu haikuwapo. Alisema ameizungusha akaiweka juu ya kabati. Alichokitundika ni kipande cha tatu: bahari tupu karibu yote, imepinda kidogo, na ukingoni kabisa mwa kulia, nusu bega limekatwa na fremu, mzee aliyekaa juu ya ukuta akinisubiri nimalize.