Msitutumie Rambirambi Mkabaki Huko

Wanangu na wajukuu zangu! Nasema nanyi mliozaliwa Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa na vijiji vyote vya uwanda huu wetu mkavu, mkaenda kutafuta maisha Dar es Salaam, Mwanza na Arusha. Nasema pia na nyinyi mnaokaa hapo Dodoma mjini, mwendo wa bodaboda tu kutoka kwa mama zenu. Mmeacha kuja kuzika.

Najua mtakavyonijibu. Mtasema mnachangia, na ni kweli, Mungu awazidishie. Tangu pesa za simu zilipoingia nchini mwaka 2008, mambo ya msiba yamebadilika. Mtu akifariki alfajiri, jua halijapanda kuna kundi la WhatsApp, kuna mweka hazina, na rambirambi zinaingia. Turubai linakodiwa, jeneza linanunuliwa, mchele na maharage vinapatikana, na mjane halali akiwaza deni. Mimi nimeona misiba ya enzi ambazo wafiwa walibaki na huzuni na njaa kwa pamoja. Sitamani turudi huko hata siku moja.

Lakini kaburi halichimbwi na simu. Ardhi yetu ya kiangazi mnaijua. Juu kuna mchanga mwekundu unaokubali jembe, ukishuka kidogo jembe linaruka, na hapo ndipo sururu na mtaimbo vinapohitajika, na mikono mingi ya kupokezana. Kiangazi kimoja alitutoka jirani, mtu aliyechimba makaburi ya mtaa mzima tangu ujana wake na aliyelea vijana wengi wenye nguvu. Michango yake ilikuwa mikubwa. Yalisomwa majina ya wanawe, ya wapwa zake, ya vijana aliowalipia ada, na kila jina lilitajwa pamoja na kiasi. Asubuhi ya mazishi tukajikuta makaburini wazee watupu, tunatazamana. Ikabidi atumwe mtu mnadani kutafuta vibarua. Walikuja, wakapatana bei, wakachimba, wakataka walipwe kabla jeneza halijafika kwa kuwa walikuwa na kazi nyingine ya kuwahi. Hao siwalaumu, hawakumjua marehemu. Ila aibu niliyoiona siku ile sijaimaliza, na naona ni haki tugawane.

Mnadhani tunachowadai ni nguvu za mikono. Hapana, vibarua walikuwa na nguvu kuliko sisi. Pale shimoni ndipo mji unapozungumza. Kijana anatoka na sururu, mwingine anaingia, na wazee wamekaa pembeni wanasimulia: marehemu alitokea wapi, alioa kwa nani, shamba lake linaishia kwenye mnyaa upi, nani alimkopesha na nani alimsamehe. Nimeona watu wawili waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya mbuzi walioingia shambani, mmoja yumo ndani ya shimo, mwingine yuko juu anampokea udongo, na hadi kaburi linakamilika wameshaongea. Huko nyumbani wanawake wamefika na ndoo za maji vichwani, kuni, unga wa uwele na mlenda uliokaushwa, na kila anayeweka ndoo chini anapewa habari na anatoa habari. Binti anayetia mkono wake katika hiyo kazi, watu wanamjua ni wa nani. Asiyekuja anajulikana kwa kiasi alichotuma, basi.

Hayo si mapambo katika nchi hii. Mvua yetu ya mwaka mzima ni kama milimita 570, nayo huja kati ya Desemba na Aprili ikitaka. Isipotaka, uwele unakauka ungali mdogo. Ndiyo maana wazee wetu hawakuweka ng'ombe wao wote kwenye zizi moja. Waliwagawa kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ukame ukikaza huku, huko wabaki walio hai, na mwenye ng'ombe awe na mlango wa kubisha. Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ilipigwa na njaa tuliyoiita Mtunya. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamepita, yamechukua ng'ombe na nafaka, yamechukua wanaume kuwa wapagazi, kisha mvua ikagoma. Watu walikufa kwa maelfu. Waliopona, wengi walipona kwa sababu palikuwa na mahali wanapojulikana. Hakuna aliyeweza kuanza kutafuta ndugu siku njaa ilipofika.

Nao uhusiano huo ulijengwa kwa kuonana. Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, watu walipohamishwa kutoka kwenye tembe zao na kuingia vijiji vya ujamaa, Mwalimu Nyerere alikuja Chamwino akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Operesheni ile ilikuwa na machungu yake, na wapo waliohamishwa bila kupenda, hilo silifichi. Ila yeye, akiwa rais, alikuwa na uwezo wa kutuma fedha na kutuma amri, na bado aliona haitoshi. Wazee wa pale waliyataja yale matofali maisha yao yote.

Sasa niwaambie jambo linalowahusu mfukoni, maana labda hilo mtalisikia haraka. Tangu Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, na mji ukawa jiji mwaka 2018, ardhi yetu imepata bei ambayo baba zenu hawakuiota. Mapori tuliyochungia mbuzi yamepimwa viwanja. Siku baba yako atakapoondoka, utakuja na suti kudai shamba lake. Utaulizwa mpaka. Karatasi huenda haipo, minyaa imeng'olewa, na jirani amekwisha kuuza upande wake kwa mtu asiyemjua babu yako. Shauri litafika mbele, na watatakiwa mashahidi. Shahidi ni nani? Ni yule mzee aliyekaa pembeni ya kaburi akisimulia mpaka, nawe hukuwepo. Atakuangalia usoni atafute sura anayoijua. Nimehudhuria mashauri ya namna hii, na nimemwona kijana mwenye haki kamili akishindwa kwa sababu hapakuwa na mtu mmoja wa kusimama na kusema, huyu namjua, ni wetu.

Msiniambie ni mbali. Zamani kutoka Dar es Salaam ulipanda treni jioni, ukalala ndani yake, ukafika Dodoma asubuhi umejaa vumbi, na watu walikuja. Tangu Julai 2024 treni ya reli ya kisasa, SGR, inawaleta kwa chini ya saa nne. Njia imekuwa fupi, na viti msibani vinazidi kuwa vitupu. Hilo sijalielewa, na linaniuma.

Na si misiba peke yake. Nendeni Chamwino Ikulu siku za Tamasha la Muziki wa Cigogo, mwone kina mama wakibana ngoma ya muheme katikati ya mapaja na kupiga, sauti moja inaanza, ya pili inaiingilia, ya tatu inapita chini ya hizo mbili. Ngoma ile ina nafasi zake, na kila nafasi inataka mtu. Kuna vikundi vijijini ambavyo sasa vina wapigaji wa makamo tu. Mabinti wao wanairekodi kwa simu siku wakija, wanaondoka nayo kwenye picha, na muheme wenyewe hawajaushika. Nawaomba muushike. Mama zenu hawatawacheka mkikosea.

Siwaombi muache kazi. Najua waajiri wenu, najua ruhusa zilivyo ngumu na nauli ilivyo. Wekeni akiba ya nauli ya msiba kabla msiba haujatokea, kama mnavyochangia kadi za harusi za watu msiowajua. Mkiwa watatu wa kijiji kimoja mjini, pokezaneni, mmoja aje kwa niaba ya wote, mwingine msiba ujao. Kama mtaani kwenu kuna kikundi cha kufa na kuzikana, jiandikisheni kwa majina yenu, si kwa jina la mama. Mkipigiwa simu, swali la kwanza liwe kaburi linachimbwa saa ngapi, kisha mjipange kufika kabla ya saa hiyo. Na kama mwajiri anakupa siku moja tu, iwe siku ya kuzika. Ya arobaini tutakusamehe.