Kizibo Kina Bei, Kibuyu Je?

Ndugu msomaji, hebu tuanze na swali dogo. Mtu akikukaribisha kwake, ana haki ya kukuambia uache kinywaji chako nje? Usijibu haraka. Ukiliangalia juu juu utasema hili ni swali la walevi. Lakini lichimbe kidogo, utakuta chini yake kuna heshima, kuna mali, kuna hata uhai wa watu.

Zipo meli za anasa zinazozunguka baharini na watalii. Ni ghorofa juu ya ghorofa, zina mabwawa ya kuogelea, kumbi za maonyesho na baa kila kona. Baadhi yake hufika hata Zanzibar. Meli hizo zina sheria zake kuhusu mvinyo. Kampuni ya Carnival, kwa mfano, humruhusu abiria aliyetimiza miaka 21 apande siku ya kwanza na chupa moja tu ya mvinyo, ya mililita 750, ambayo haijafunguliwa. Bia na pombe kali hapandi nazo. Na akitaka kuinywea chupa hiyo kwenye mkahawa wa meli, anatozwa ada ya kuizibua. Yaani mvinyo ni wako, umeununua kwa hela yako, koo ni lako, lakini kung'oa kizibo unalipia!

Wapo wasafiri wasiokubali. Wanatia vodka kwenye chupa ya dawa ya kusukutulia, wanaikoleza rangi ifanane na dawa yenyewe, kisha wanapita kwenye ukaguzi wametulia kama watawa. Watu wazima, wenye kazi zao na wajukuu wao, wanavizia kama watoto wanaoiba sukari ya mama.

Usiwacheke. Sisi wenyewe tunaijua sheria hiyo, tena bila kupanda meli. Ingia baa yoyote mjini, utakuta imeandikwa ukutani: hairuhusiwi kuingia na kinywaji kutoka nje. Kumbi za harusi nazo zina yake. Kamati ikitaka kuleta bia na soda zake, inalipia kila kreti, vinginevyo inunue za ukumbi kwa bei ya ukumbi. Nani hajakaa kwenye kikao cha harusi akasikia ubishi wa kreti ukimaliza saa nzima?

Sasa twende Nyakasimbi, huku kwetu Karagwe, tuone wazee wanasemaje.

Kinywaji chetu ni lubisi. Ndizi za pombe huivishwa, humenywa, hukamuliwa kwa miguu pamoja na nyasi, juisi ikachujwa, ikatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, ikafunikwa kwa majani ya mgomba. Siku inayofuata au ya pili yake inanyweka. Chombo cha kukamulia huchongwa kwa gogo la mti, na kwa Kinyambo huitwa obwato. Obwato ni mtumbwi vilevile. Kwa hiyo kwetu pombe huzaliwa ndani ya chombo kabla mtu hajawaza kuipandisha chombo!

Lubisi haina safari ya bure. Kwenye posa ipo, kwenye harusi ipo, kwenye matanga ipo. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, na mtu anayekwenda kwa wakwe bila kibuyu anajua mwenyewe atakavyotazamwa. Lakini angalia jambo moja ambalo wengi hatulifikirii. Aliyeleta kibuyu hakai nacho pembeni akakinywa peke yake. Anakikabidhi. Pombe inaonjwa kwanza, watu waone kwamba haina ubaya, halafu mwenye nyumba anaigawa kwa wote, pamoja na yule aliyeileta. Ukithubutu kubana kibuyu chako magotini na kunywa na rafiki yako mmoja, umemtukana mwenye nyumba. Ni kama unamwambia: chako sikitaki, na changu hukipati.

Kumbe basi hata mila ina sheria ya kinywaji kutoka nje! Tena ni sheria kali. Mgeni anapovuka kizingiti, kibuyu kinaacha kuwa chake. Sasa tofauti ya mzee wa Nyakasimbi na mwenye meli ya anasa iko wapi? Wote wawili wanamzuia mgeni kunywa chake kivyake.

Mimi naona tofauti iko kwenye deni. Mzee anapopokea kibuyu anajitwisha deni la kumnywesha mgeni, na pombe ikiisha ni aibu yake, atatuma mtoto kwa jirani. Anachukua haki ya mwenyeji pamoja na mzigo wa mwenyeji. Mwenye meli anachukua haki peke yake. Anakufungia chupa yako halafu anakuuzia yake. Ukiwa huna hela, kiu ni shauri lako. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huku imekuwa mgeni njoo mwenyeji auze.

Mwanafalsafa wa Kijerumani, Immanuel Kant, aliandika mwaka 1795 kwamba mtu akifika nchi ya wengine ana haki ya kutotendewa kama adui, lakini hana haki ya kudai afanywe mgeni wa nyumbani. Hilo linahitaji makubaliano. Mtu wa meli atadaka neno hilo. Atasema, bwana wewe si mgeni wangu, wewe ni mteja, umekata tiketi, masharti uliyasoma, na usipoyataka bahari ni kubwa, tafuta meli nyingine. Hoja hiyo ina nguvu, nisiidharau. Mtu aliyejenga baa, akaajiri wahudumu, akalipa leseni na kodi, ukija na chupa yako ukakalia kiti chake na kutumia glasi yake na choo chake, atakula nini? Tena chombo cha majini kina hoja kubwa zaidi ya hiyo.

Watu wa Kagera hatuhitaji kufundishwa hoja hiyo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza. Ilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria 430. Hesabu ya serikali ya waliokufa ilikuwa watu 894. Kuna kaya huku kwetu ambazo mpaka leo hazilitaji ziwa bila kunyamaza kwanza. Tangu hapo, asiniambie mtu kwamba mzigo wangu ni wangu. Chomboni hakuna mzigo wa mtu mmoja. Mkungu wangu wa ndizi, gunia lako la maharage na begi la yule mwingine vyote vinakalia maji yale yale. Nahodha akisema hiki hakipandi, anasema kwa niaba ya mama aliyelala na mtoto daraja la tatu, na wajibu wangu ni kutii bila kununa.

Kwa hiyo zipo sheria mbili zenye sauti moja. Zote zinasema "acha nje". Moja inalinda watu, ya pili inalinda mauzo. Tatizo ni kwamba hii ya pili hupenda kuazima nguo za mwenzake. Mauzo hayasemi "mimi ni mauzo". Yanasema ni usalama, ni usafi, ni hadhi ya mahali.

Nitoe mfano ambao nilikuwepo. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliolewa Mwanza. Mjomba wetu akasema hawezi kumtoa mtoto wa dada yake kwa soda. Akahesabu siku vizuri, lubisi isifike changa wala isifike imechacha, akaikamua, akajaza galoni moja ya lita 20 na kibuyu kimoja cha heshima. Akatoka nayo Nyakasimbi, akapita Kayanga na Kyaka, akashuka Bukoba, akapanda meli ya usiku. Kwenye meli hakuzuiwa. Mtu wa mizigo alimwambia tu, mzee, hiyo inachemka, usiikaze kifuniko, itakupasukia, iweke kule kwenye mizigo, na uilipie. Mjomba akaona ni sawa. Lubisi kweli huvimbisha galoni, na aliyesema hivyo alikuwa anajua kazi yake.

Jioni ya harusi tukafika ukumbini, ukumbi ambao sitautaja. Bia za kamati zilikuwa zinaingia kreti kwa kreti, zimelipiwa. Upande wa bwana harusi waliingia na katoni za mvinyo, nazo zimelipiwa. Mjomba alipofika na kibuyu, askari wa mlangoni akanyoosha mkono.

"Shikamoo mzee. Samahani, hiyo haiingii."

"Marahaba mwanangu. Hii siuzi. Ni ya kuwakabidhi wakwe, wanywe mafunda mawili matatu, basi."

"Naelewa mzee wangu, ila ni sheria ya ukumbi. Vya nje vinalipiwa."

"Haya, na mimi nilipe. Shilingi ngapi?"

Yule kijana akaduwaa. Akaingia ndani kumwuliza meneja, akakawia, akarudi ameinamisha uso. "Mzee, meneja anasema hiyo haina bei."

Haina bei! Ndugu msomaji, nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Mjomba hakugoma kulipa. Hakuficha kitu kwenye chupa ya dawa. Alifuata sheria kama ilivyoandikwa: cha nje kinalipiwa. Lakini orodha yao ilijua bia, soda, mvinyo na pombe kali. Kibuyu hakikuwemo. Kizibo kilikuwa na bei, jani la mgomba halikuwa nayo. Sherehe ikaendelea ndani, na mjomba akakaa nje kwenye benchi la walinzi mpaka mzee mmoja wa upande wa bwana harusi aliposikia, akatoka na glasi ya soda, akaonjeshwa kwenye giza pale getini, amesimama, akasema asante.

Kuna atakayesema meneja alikuwa na sababu. Lubisi haina lebo, haijulikani ina ukali kiasi gani, mtu akiumwa tumbo ukumbi utalaumiwa. Sawa, hiyo ni hoja ya sheria ile ya kwanza, ya kulinda watu, na ninaiheshimu. Lakini mbona haikusemwa? Angeambiwa "mzee, tunaogopa watu wasije wakaugua," mjomba angeionja mbele ya meneja mwenyewe, maana mila yetu ililiona tatizo hilo zamani na kulitafutia dawa. Hakuambiwa hivyo. Aliambiwa chake si kitu cha kuhesabika.

Na dharau hii ina historia ndefu. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels yakatia saini mkataba ambao, pamoja na kupiga vita biashara ya utumwa, uliweka mipaka kwa pombe kali zilizoingizwa sehemu kubwa ya Afrika. Ilisemwa ni kumlinda Mwafrika. Baadaye, kwa miaka mingi ya utawala wa Waingereza Tanganyika, Mwafrika hakuruhusiwa kujinunulia pombe kali ya dukani kama alivyofanya Mzungu. Pombe zikagawanywa madaraja: ya wastaarabu na ya kienyeji. Uhuru ulikuja mwaka 1961, na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ilikuja bila ubaguzi wa rangi, lakini "pombe ya kienyeji" iliendelea kuwa fungu lake la leseni, na klabu zake. Nawalaumu wakoloni, lakini si wao peke yao. Meneja yule ni Mtanzania mwenzetu, na huenda bibi yake anapika lubisi.

Basi jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Mwenye nyumba, mwenye ukumbi au mwenye meli ana haki ya kukuzuia, lakini haki hiyo ina ukubwa wa mzigo aliojitwisha. Akizuia kwa ajili ya uhai wa wote, tumtii. Akizuia kwa ajili ya biashara yake, aseme hivyo hivyo, waziwazi: mimi ninauza vinywaji, naishi kwa hivyo, lete chako ulipie kiasi hiki. Hapo mtu mzima anachagua kulipa au kukaa na kiu. Na akiweka bei, aweke kwa wote. Asiyeweza kukipangia kibuyu bei, basi akipokee bure, kama mwenyeji. Hawezi kukataa yote mawili, ukarimu na biashara, halafu adai bado yuko upande wa sheria.

Na sisi wageni tuna letu. Kuficha vodka kwenye chupa ya dawa si ushujaa. Anayeficha amekubali kwamba sheria ni ya haki kwa wengine na yeye peke yake ndiye wa kuikwepa. Mjomba alisimama mlangoni na kibuyu chake mkononi, kikaonekana na kila mtu, akauliza bei. Swali lake mpaka leo halijajibiwa na mwenye ukumbi, na harusi nyingine zipo, na ndizi zinaendelea kuiva. Wewe unayekodi ukumbi mwaka huu, kabla kamati haijatia saini, muulize meneja: kibuyu ni shilingi ngapi?