Alama ya Kutoa Iliyounguza Pampu

Kisa hiki ni cha kubuni, ila hesabu zake ni za kweli, na yeyote anaweza kuzirudia kwenye kompyuta yake.

Kijana mmoja aliyesomea umeme Nakuru alipewa kazi na mama mwenye shamba upande wa Gilgil. Mama alikuwa na pampu ya sola ya volti 12, yenye betri, iliyovuta maji ya mvua kutoka bwawa dogo hadi kwenye matangi ya kunyunyizia mboga. Udongo wa kule ni laini, wa majivu ya volkano. Bwawa likipungua, tope huingia kwenye pampu na kuikwamisha. Pampu ikikwama huku umeme ungali unaingia, mota hula ampia kupita kiasi na koili zake huungua.

"Fundi, nitengenezee kitu cha kuizima yenyewe," mama alimwambia. "Siwezi kushinda bwawani kutwa."

Wazo la kijana lilikuwa zuri. Kwenye waya wa hasi wa pampu aliweka rezista ndogo mno, ya ohmu 0.01. Pampu ikivuta ampia 6 kama kawaida, kati ya ncha mbili za rezista hiyo hutokea volti 0.06; ikikwama na kuvuta ampia 25, hutokea volti 0.25. Amplifaya huzikuza volti hizo mara 20, kwa hiyo 0.06 huwa 1.2, na 0.25 huwa 5. Chipu husoma jibu hilo, na likipita volti 2, yaani ampia 10, hukata umeme.

Aliichora sakiti kwenye programu ya kuigiza, ya ukoo wa SPICE iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mchoro wake ulikuwa sahihi. Akapachika probu mbili za kupimia volti: nyeusi kwenye tokeo la amplifaya, nyekundu kwenye waya wa hasi wa betri. Programu ikaandika −1.2.

Hapo ndipo pa kusimama. Programu haikusema kwamba sakiti ina kosa. Ilichukua volti za mahali penye probu nyekundu, ikatoa volti za mahali penye nyeusi: 0 toa 1.2. Lilikuwa jibu sahihi kwa swali ililoulizwa. Lakini kijana alitazamia 1.2, akaona alama ya kutoa, akahukumu kwamba amekosea nyaya. Akazigeuza nyaya mbili zinazoingia kwenye amplifaya. Grafu ikapanda juu ya mstari wa sifuri: 1.2, safi. Akahifadhi faili, akaenda kuchomelea vipuri kwenye bodi.

Kwa nini programu haikumkanya? Kwa sababu amplifaya aliyoichagua ni ile ya kinadharia, isiyohitaji kulishwa umeme, hivyo hutoa volti hasi bila shida. Baada ya kugeuzwa nyaya ilikuwa inatoa −1.2 kweli, na probu zilizokaa kinyume zikaisoma 1.2. Kosa moja likalifunika jingine. Amplifaya halisi aliyoinunua dukani huendeshwa kati ya volti 0 na 5. Haina njia ya kushuka chini ya sifuri. Ikitakiwa kutoa −1.2 hukaa karibu na sifuri, na ikitakiwa kutoa −5 hukaa papo hapo. Machoni pa chipu, pampu haikuwahi kufanya kazi hata siku moja.

Bodi ikafungwa. Pampu ikavuta, matangi yakajaa, mama akalipa. Hili ndilo linaloniuma zaidi: kinga iliyokufa haitoi dalili yoyote mpaka siku inapohitajika. Kiangazi kilipokolea bwawa likashuka, tope likaingia, mota ikakwama. Fyuzi ilikuwepo, lakini ya ampia 30, ya kulinda nyaya, na ampia 25 haziikati. Pampu ikaungua, na mboga zikakauka kabla mama hajapata pesa za kununua nyingine.

Wanafunzi wa umeme wa Nakuru wasidhani jambo hili linaishia kwenye pampu. Kule Olkaria, Naivasha, ambako mtambo wa kwanza wa mvuke ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, na katika kituo chochote kikubwa, jenereta na transfoma hulindwa kwa kupima mkondo unaoingia na unaotoka, kisha kuangalia tofauti. Kila kipimo kina alama ya upande wake. Kimoja kikifungwa kinyume, mikondo iliyopaswa kutolewa hujumlishwa, na kinga huuzima mtambo mzima usio na kasoro.

Kwa hiyo programu ikikuonyesha alama ya kutoa, kabla ya kugusa waya wowote, tafuta probu nyekundu iko wapi na nyeusi iko wapi. Katika LTspice, mojawapo ya programu za ukoo wa SPICE, ukibofya na kuburuta, ulipoanzia huwa pekundu na unapoachia huwa peusi. Buruta kinyume, alama itageuka ilhali sakiti ni ile ile. Mkondo nao una desturi yake: betri inayotoa umeme husomwa hasi, kwa kuwa programu huhesabu mkondo unaoingia kwenye ncha ya chanya. Ukiwa na shaka, pachika probu kwenye betri unayojua ni volti 12. Zikisoma −12, umeshajua cha kugeuza.

Na tahadhari moja ya uhai. Kwenye kompyuta probu nyeusi hukaa popote. Kwenye oskiloskopu ya mezani, klipu nyeusi kwa kawaida imeunganishwa na waya wa ardhi wa soketi. Ukiipachika penye umeme wa volti 240, umepiga shoti mkononi mwako.

Baada ya pampu kuungua, kijana aliipeleka bodi kwa mwalimu wake wa zamani. Mwalimu hakuanza na kompyuta. Mahali pa pampu alifunga taa ya gari ya wati 60, ambayo kwa volti 12 huvuta ampia 5, akampa multimita.

"Tokeo linasoma ngapi?"

"Sifuri, Mwalimu."

"Lilipaswa kusoma ngapi?"

Kijana akapiga hesabu: 0.05 mara 20. "Volti moja."

Wakazirudisha nyaya za amplifaya zilivyokuwa mwanzo, multimita ikasoma 1. Kisha wakafungua programu, wakaweka amplifaya inayolishwa volti 0 na 5, wakazigeuza nyaya makusudi, safari hii probu zikiwa zimekaa sawa. Grafu ikabaki kwenye sifuri.