Mtoto Atakapouliza Habari za Mawe

Somo: Yoshua 4, 1–9 na 20–24



Lifungueni Neno la Mungu mahali palipotajwa hapo juu, mlisome kwanza nyumbani pamoja na watoto, ndipo mrudi kwenye maneno haya machache.

Waisraeli wamekwisha kuvuka Yordani. Mungu hakuwaambia kwanza wajenge mji wala wapande mbegu. Aliagiza watu kumi na wawili, mmoja kwa kila kabila, wachukue mawe begani kutoka katikati ya mto, pale miguu ya makuhani iliposimama. Mawe hayo yakasimamishwa Gilgali. Sababu yake ikaelezwa mara mbili katika sura hiyo moja: siku zijazo watoto watawauliza baba zao habari za mawe yale, na baba zao watawajibu.

Angalieni vema. Jiwe ni bubu. Kazi yake ni kumfanya mtoto aulize, na kazi ya kujibu ni ya mzazi. Jiwe lisilo na mzazi wa kulieleza ni jiwe tu. Mbuzi hulala juu yake, na mvua hulinyeshea.

Nasi tukaao Songea tunayo mawe yetu. Pale Mahenge, katika Makumbusho ya Majimaji yaliyofunguliwa mwaka 1980, liko kaburi moja la watu 67 walionyongwa na serikali ya Kijerumani tarehe 27 Februari 1906. Nduna Songea Mbano, ambaye mji wetu unaitwa kwa jina lake, alinyongwa baada yao, akazikwa peke yake. Kila mwaka mwezi wa Februari watu hukusanyika pale kuwakumbuka. Katika siku hizo, na katika siku za likizo, jamaa nyingi za Kikristo huwapeleka watoto wao kuyaona makaburi na sanamu.

Tena nimeona katika nyumba kadhaa za usharika desturi iliyo njema. Wakirudi nyumbani hawaziachi picha ndani ya simu, ambayo yaweza kuibwa au kuanguka majini siku moja, na kumbukumbu yote ikapotea. Huzichapisha, wakazibandika kwa gundi katika daftari kubwa lenye jalada gumu, pamoja na tiketi ya kuingilia na michoro ya watoto. Daftari hilo huwekwa sandukuni, mbali na mchwa, nalo huonyeshwa wageni. Desturi hii naisifu. Nabii Malaki asema katika sura ya 3 kwamba mbele za Bwana kiliandikwa kitabu cha ukumbusho kwa ajili ya wamchao. Ikiwa Bwana mwenyewe hakuona haya kuwa na kitabu, mbona sisi tuone haya?

Lakini nimefungua baadhi ya madaftari hayo, nikaona neno linalokosekana. Baba amesimama mbele ya sanamu, amevaa vizuri. Mama yuko karibu naye. Watoto wanacheka. Chini ya picha imeandikwa tarehe, basi. Mtoto aliuliza nini siku ile? Hakuna. Alijibiwa nini? Hakuna. Kitabu cha namna hii chafanana na nguzo ya Absalomu, tunayosoma habari zake katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 18. Yeye alijisimamishia nguzo ili jina lake lisisahauliwe. Mawe ya Gilgali yalishuhudia kazi ya Mungu kwa ajili ya watoto. Nguzo ya Absalomu ilimtangaza Absalomu.

Najua kwa nini wazazi huacha pale pasipoandikwa kitu. Maswali ya watoto pale Mahenge ni mazito. Mtoto asomaye shule ya Jumapili husimama penye lile kaburi, husoma majina, kisha humgeukia baba yake na kumwuliza, “Baba, waliowanyonga hawa, walikuwa Wakristo?” Baba Mlutheri atajibu nini? Wanyongaji walitoka katika nchi ya Martin Luther. Injili ilitufikia kwa mikono ya watu wa taifa lilo hilo. Wengi hunyamaza, au humwambia mtoto aje apigwe picha.

Ndugu, tusinyamaze. Yatupasa kujibu kwa mambo matatu.

Kwanza, tuseme kweli juu ya dhuluma. Vita ilianza mwezi wa Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, ambako watu walilazimishwa kulima pamba, wakatozwa kodi, wakafanyizwa kazi kwa kiboko. Ikaenea kusini yote, hata ikafika kwetu Ungoni. Majeshi ya serikali yalichoma mashamba na ghala za vyakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilitaja watu 75,000 waliokufa. Wataalamu wa baadaye wanakadiria kati ya 250,000 na 300,000. Basi mtoto ajibiwe hivi: “Ndiyo, mwanangu, wengi wao walibatizwa. Lakini ubatizo hauhalalishi dhuluma. Amri ya tano huwahukumu wenye bunduki kama iwahukumuvyo wenye mikuki, na aliyebatizwa atadaiwa zaidi, kwa kuwa aliijua.” Jibu hili halitaivunja imani ya mtoto. Litakaloivunja ni kunyamaza kwetu, maana akikua atazisoma habari hizi kwa wengine, naye atasema: Baba alijua, akanificha.

Pili, tuseme kweli juu ya watu wetu. Wako walimu wasemao, “Tusiwapeleke watoto kule, kwa sababu vita ile ilikuwa ya uganga.” Neno la uganga ni kweli, na liandikwe. Dawa ya maji iliyotoka kwa Kinjikitile wa Ngarambe haikuzigeuza risasi kuwa maji, waliotumaini walianguka. Tena mwezi wa Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss aliuawa karibu na Liwale akiwa safarini, pamoja na watawa wanne, wawili kati yao wanawake. Mwezi wa Septemba misioni ya Peramiho ilichomwa moto, na kituo cha Jakobi katika Ubena, cha ndugu zetu wa Misioni ya Berlin, kikashambuliwa. Hayo nayo yaandikwe. Lakini mwalimu asiseme kwamba kwa ajili ya uganga kaburi lile halituhusu. Waliolala pale walitetea nchi waliyozaliwa, iliyotwaliwa kwa nguvu. Mtu aweza kudanganyika juu ya dawa, asidanganyike juu ya mzigo ulio mgongoni mwake.

Je, tutaogopa kuandika aibu na heshima katika kitabu kimoja? Itazameni Biblia. Hiyo nayo ina habari za ukoo, nayo haikuficha kitu. Ndama ya dhahabu imo. Dhambi ya Daudi imo, na jina la Uria limo. Petro aliyemkana Bwana ameandikwa na wale wale waliompenda. Kama Waisraeli wangalibandika picha za sherehe tu, sisi tusingalikuwa na Neno la kutuokoa.

Tatu, tuseme kweli juu ya neema. Kuna jambo la siku zile ambalo wengi wa watoto wetu hawajalisikia. Padre Johannes Häfliger wa misioni ya Kigonsera aliingia kwa wale waliohukumiwa kufa, akawafundisha, na wengi wao wakabatizwa kabla ya kupelekwa kwenye kamba. Fikirini jambo hili. Aliyebatiza na aliyenyonga walitoka katika nchi za lugha moja, na ubatizo ule haukuzuia hukumu ya wanadamu. Mwingine aweza kuuliza kama watu wale walibatizwa kwa imani au kwa hofu. Hilo Mungu alijua. Sisi twajua ya kuwa mwizi msalabani naye alikuwa na saa moja tu, na Bwana hakumwuliza kwa nini amechelewa. Kwa hiyo mtoto akiuliza tena, “Baba, Yesu alikuwa upande wa nani siku ile?” mjibu bila kusita: Bwana wetu hakusimama pamoja na waliofunga kamba. Yeye mwenyewe aliangikwa mtini na serikali ya kigeni, nje ya mji, kati ya waliohukumiwa. Amjuaye msalabani hatapotea njia pale Mahenge.

Sasa neno kwa watengenezao madaftari. Chini ya kila picha andikeni majina ya waliokwenda, tarehe, na habari alizowaeleza kiongozi wa makumbusho. Kisha andikeni swali la mtoto kwa maneno yake mwenyewe, na jibu alilopewa. Likishinda akili yenu, acheni mahali patupu, mwulizeni mzee au mchungaji, mrudi kujaza. Ukurasa mwingine uwekeni kwa ajili ya habari za ukoo wenu. Katika mji huu wako wajukuu wa walionyongwa; wako pia wajukuu wa askari na wapagazi wa serikali, na mara nyingine damu hizo mbili zimekutana katika nyumba moja. Mtoto akiuliza babu yake alikuwa upande gani, asidanganywe. Waliozisikia habari hizi kwa vinywa vya walioziona sasa ni wazee sana. Nendeni kwao mwaka huu, msingoje mwaka ujao. Tena, mkiwa makaburini, msichukue jiwe wala kuvunja kitu. Mawe ya Gilgali yalichukuliwa kwa amri ya Mungu; haya yetu yaacheni yasimame ili na watoto wa wengine waulize.

Labda mtu atasema, “Kitabu cha namna hii kitafuga chuki.” Sivyo, ikiwa kitaandikwa chote. Chuki hupenda nusu ya habari. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa Songea, akasimama penye makaburi yale, akaonana na jamaa ya Nduna Songea Mbano, akaomba msamaha kwa mambo ambayo Wajerumani waliwatendea babu zetu. Kichwa cha Nduna, ambacho wengi wanaamini kilipelekwa Ujerumani, ukoo wake umekitafuta miaka mingi. Sasa fikirini: kama babu na bibi zetu wangalisahau, msamaha ungaliombwa kwa nani, na kwa neno gani? Asiyekumbuka hawezi kusamehe. Aweza kusahau tu, na kusahau si kusamehe. Yusufu aliwasamehe ndugu zake akiwa anakumbuka vema shimo na bei yake.

Tena tujihadhari na onyo la Bwana katika Mathayo 23. Aliwakemea watu waliojenga makaburi ya manabii na kuyapamba, huku mioyo yao ikiwa sawa na ya wale waliowaua. Mtu aweza kubandika picha ya mashujaa katika daftari, naye nyumbani akimdhulumu mtumishi wake ujira, akimpiga mkewe, akimnyang'anya mjane shamba. Kitabu chake kitamshuhudia siku ya mwisho.

Wapendwa, sisi Wakristo ni watu wa ukumbusho kuliko watu wote. Usiku ule aliotolewa, Bwana alitwaa mkate na kikombe, akatuagiza tuvitumie kwa kumkumbuka yeye. Katika karamu ile dhambi yetu haifichwi, kwa kuwa mwili ulitolewa kwa ajili yake. Wala haibaki juu yetu, kwa kuwa damu ilimwagwa ili iondolewe. Kwa namna hiyo yatupasa kukumbuka mambo yote. Mwendapo Mahenge, nendeni kama watu wanaotoka katika meza hiyo. Mfungueni kinywa mbele ya watoto wenu. Na kitabu cha nyumba yenu kiandikwe hivi, hata mjukuu ambaye hamtamwona akikifungua asione sura zenu tu, apate na jibu.

Bwana atupe ulimi wa kweli na moyo wa kusamehe. Amin.