Watu Walikusanyika kwa Kuhitajiana

Ni kitu gani kilichomfanya mwanadamu wa kale ahamie mjini? Wengi hujibu kuwa ni kutafuta raha. Lakini Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, ameeleza kuwa mtu peke yake hawezi kujitosheleza hata kwa chakula cha siku moja. Ngano yataka mkulima, jembe lataka mhunzi, unga wataka msagaji.

Tutazame Uruk, kusini ya Iraq, mji uliostawi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Vibao vya udongo vilivyofukuliwa huko ni katika maandishi ya kale kabisa duniani, na vingi vyao ni hesabu za shayiri na posho za wafanyakazi. Kijijini deni hukumbukwa, kwani watu wajuana. Uruk watu walikuwa maelfu, ikabidi haki iandikwe.

Basi mji ulisimama juu ya kuhitajiana na kutunza amana. Leo twakaa ukuta kwa ukuta. Je, jirani akiugua usiku, tutajua? Tusipojua, tumepata majumba tu, mji bado.