Sitara: Nguo au Sanda?

Katika miji ya pwani, sitara ni miongoni mwa maneno yenye heshima kubwa. Mtu hujisitiri kwa kanga na buibui. Nyumba husitiriwa kwa ukuta na pazia. Maiti husitiriwa kwa sanda na udongo. Aibu ya ndugu nayo husitiriwa kwa kunyamaza. Dini imelitukuza jambo hilo, kwani amsitiriye mwenzake ameahidiwa kusitiriwa na Mola wake. Kwa hiyo swali hili ni zito kuliko linavyoonekana: mzazi amfichaye mwanawe anayetumia unga, je, amemsitiri au amemzika?

Heroini iliingia katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1980, ikitoka Asia. Mwanzoni ilivutwa, aghalabu ikichanganywa na bangi au tumbaku. Baadaye ikaja sindano, na pamoja na sindano yakaja maambukizi ya virusi vya UKIMWI na ya homa ya ini. Leo, tangu Unguja hadi Lamu, ni taabu kumpata mtu mzima asiyelijua neno teja. Neno lenyewe latamkwa kwa wepesi barazani. Ndani ya nyumba inayohusika halitamkwi kabisa.

Humo ndani mambo huanza kwa madogo. Saa ya ukutani haionekani. Baba anauliza, mama anajibu kuwa imepelekwa kwa fundi. Kisha pasi, kisha kidani cha bibi. Mama anajua, ila yuko binti anayesubiri posa, na posa hukatika kwa habari ndogo kuliko hiyo. Jirani amemwona kijana uchochoroni, akanyamaza asije akaitwa mfitini. Mwalimu ameona nafasi yake darasani i tupu, akaandika kuwa ni mtoro. Hivyo kijana amezungukwa na watu watatu wanaojua, na hakuna hata mmoja aliyesema naye. Anayesema naye kila siku ni yule amuuziaye kete.

Si haki kuwalaumu watu hao kwa ukatili. Mama amenyamaza kwa mapenzi, jirani kwa adabu, mwalimu kwa wingi wa kazi. Kosa limo katika kuchanganya vitu viwili. Kumsitiri mtu ni kuilinda heshima yake ili abakiwe na njia ya kurudi. Kuusitiri ugonjwa ni kuulinda ugonjwa wenyewe. Kidonda hufungwa kitambaa baada ya kuoshwa. Kikifungwa kabla, huoza chini ya kitambaa cheupe.

Wako wasemao kuwa kuyataja madawa mbele ya watoto ni kuwafungua macho. Hoja hiyo ina chembe ya kweli, maana si kila kusema ni kinga. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu kinga ya madawa ya kulevya, uliotolewa mwaka 2013 na kurekebishwa 2018, waonyesha kwamba kutoa habari tupu, hasa za kutisha, hakuzuii kitu. Kinachosaidia ni wazazi kufunzwa namna ya kuwa karibu na watoto wao na kuwawekea mipaka bila ukatili, na wanafunzi kuzoezwa, somo baada ya somo, kupima mambo na kumkatalia rafiki bila ya kuupoteza urafiki. Basi hotuba moja ya mwaka, yenye picha za mafuvu na sindano, haitoshi, iwe ni ya skuli au ya madrasa. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini hukunjwa kwa mkono, hakunjwi kwa kupigiwa kelele.

Zanzibar ina funzo jingine. Tangu mwaka 2009 zimefunguliwa humo nyumba za upataji nafuu, ambazo watu wamezoea kuziita soba. Katika mikutano yao, mwenye ugonjwa hutaja jina lake, kisha hukiri mbele ya wenzake kwamba ana uraibu. Hakuna amchekaye, kwa kuwa kila aliyekaa pale ameyapitia hayo. Na tangu mwaka 2011, pale Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wamekuwa wakipewa methadoni, dawa ituulizayo arosto ili mtu aweze kufikiri na kufanya kazi. Tiba hizi zote mbili zina mlango mmoja: lazima kwanza jambo litajwe. Ajabu ni kwamba kijana huja kulisema mbele ya wageni neno ambalo nyumbani kwao halikupata pa kusemewa.

Wala haitakiwi siri ya nyumba itangazwe sokoni. Inatosha mama amwambie baba kweli kuhusu saa ile. Mwalimu agonge mlango kabla ya kuandika utoro wa pili. Jirani amwite kijana kando kwa upole, kisha amfuate mzazi wake kwa faragha. Maneno hayo matatu, yakisemwa mapema, hayamvui mtu nguo. Ndiyo nguo yenyewe, na mwenye kuivaa ni aliye hai. Ukimya ukingojea hadi mwisho, kitakachobaki cha kumsitiria kijana ni sanda.