Mbwa Naye Atengewe Fungu Lake

Desemba ikishafika katikati, mabasi ya Moshi hujaa na bei ya mbuzi hupanda. Nyumba za mgombani ambazo mwaka mzima zilikaa na babu na bibi tu hupokea watoto, wakwe na wajukuu kwa mkupuo. Mbuzi akichinjwa hagawanywi ovyo: kuna kipande cha mzee, kuna cha akina mama, kuna cha aliyeshika kisu. Hata aliye njiani huwekewa chake. Naupenda sana utaratibu huu, kwa sababu kila mtu anajua alifikiriwa kabla nyama haijaisha.

Anayesahaulika ni mbwa. Huyu amekesha mwaka mzima akilinda kuku, migomba na usingizi wa wazee, lakini siku ya Krismasi anamwagiwa makombo ya sahani zote, mifupa na ukoko wa pilau. Wanaompa wanampenda, hilo sina shaka nalo. Taabu ni kwamba kinachobaki kwenye karamu zetu kina mambo mengi ambayo mwili wa mbwa hauyawezi.

Tuanze na huo ukoko. Krismasi iliyopita nilimkuta shangazi yangu ameinamia sufuria kubwa, anakwangua ukoko mweusi unaong'aa mafuta, mbwa akimsubiri huku mkia ukipiga vumbi. Nikamwambia, "Shangazi, humo mna vitunguu na saumu, vitamdhuru." Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, mbwa hachagui." Kweli hachagui, na ndiyo maana jukumu la kumchagulia ni letu. Kitunguu, kiwe kibichi, kimekaangwa au kimesagwa kuwa unga, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na saumu vilevile. Gramu 15 za kitunguu kwa kila kilo 1 ya uzito wake zinaweza kutosha kumdhuru. Kwa mbwa wa kilo 12 hizo ni gramu 180, yaani vitunguu viwili hivi vya wastani. Pilau ya ukoo mzima inapikwa kwa vitunguu vingapi?

Kibaya zaidi, madhara huchelewa. Mbwa anakula tarehe 25 na jioni anabweka kama kawaida. Siku kadhaa baadaye, wageni wakiwa wanafunga mizigo, anaonekana amelala tu, fizi zimepauka, mkojo umekuwa mwekundu au wa kahawia. Watu husema wezi wamemtegea sumu. Ukoko hautajwi na mtu.

Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo, na vijiti vya mishikaki humezwa kwa sababu vinanukia nyama. Gunzi la mahindi huziba njia. Zabibu kavu za kwenye keki zinaweza kuua figo, chokoleti huusumbua moyo, na bigijii zisizo na sukari zenye zailitoli huweza kushusha sukari ya damu ndani ya nusu saa. Yale mafuta meupe tunayoyakata pembeni ya nyama na kuyatupa chini kwa ukarimu huweza kuwasha uvimbe wa kongosho.

Lipo jingine, nalo linatugusa sisi wenyewe. Mbuzi au kondoo akipasuliwa, mara nyingine ini au mapafu hukutwa na vifuko vyeupe vilivyojaa maji. Mchinjaji hulitazama lile ini, husema halifai kuliwa, kisha humrushia mbwa. Ndani ya vifuko hivyo huwa mna vichwa vya tegu. Wakifika kwenye utumbo wa mbwa hukua, kila mmoja asifikie hata sentimita 1, na mbwa haonyeshi ugonjwa wowote. Mayai yao hutoka na kinyesi, yakanata kwenye manyoya yake, kwenye mchicha wa bustanini, kwenye viganja vya mtoto anayemkumbatia. Mtoto akiyameza, kifuko kama kile huota polepole kwenye ini au mapafu yake kwa miaka mingi, mara nyingi hadi ahitaji upasuaji. Huko Turkana, Kenya, ugonjwa huu ulienea hata shirika la AMREF likaendesha mpango wa kuudhibiti katika miaka ya 1980, na Umasaini, huku Tanzania, ugonjwa huo unajulikana pia. Ini la namna hiyo lichomwe moto au lizikwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua, iwe ni Krismasi au Idd el-Adha. Mbwa naye apewe dawa ya minyoo yenye prazikwanteli.

Kumtengea fungu hakuchukui muda. Kabla vitunguu havijaingia kwenye mafuta, vipande vichache vya nyama isiyo na mafuta vichemshwe kwa maji matupu, bila chumvi, vichanganywe na wali mweupe au ugali. Boga, karoti, kiazi kitamu kilichochemshwa, yai lililoiva, vyote anavimudu. Viwe kidogo, kama sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku, maana tumbo lililozoea ugali na dagaa likishtukizwa na nyama nyingi huharisha. Bakuli hilo ningependa akabidhiwe mjukuu mmoja mwenye umri wa kuelewa, na watu wazima wamheshimu anapokataza makombo. Watoto wetu wanajifunza ukarimu kwa kushika bakuli.

Ikitokea mbwa amekwisha kula asichopaswa, msimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi kama wengi wanavyofanya. Maziwa hayaondoi sumu, na chumvi nyingi nayo ni sumu. Mpigieni daktari wa mifugo hata kabla dalili hazijaanza, mkamweleza amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, na ana uzito gani. Madaktari nao husafiri sikukuu, kwa hiyo namba ya atakayekuwa kazini itafutwe kabla ya tarehe 24, iandikwe ukutani jikoni, mahali ambapo hata bibi anaweza kuiona.